Superhalojeni: kunyang'anya elektroni na gharama zake

Toleo lililopita tulichapisha dondoo fupi kuhusu superhalojeni, yaani makundi ya atomi ambayo yakiwa hayana chaji hupokea elektroni moja na kuishika kwa nguvu kuliko klorini. Barua zilizofuata karibu zote zimetoka mkoa wa Kigoma, na wengi wanataka hesabu, si maelezo ya juujuu. Tumechagua nane. Kizio cha nishati humu ni elektroni-volti (eV). eV 1 ni sawa na kilojuli 96.485 kwa moli.

Ndugu Mhariri, vitabu vinasema klorini ndiyo elementi inayotoa nishati kubwa zaidi ikipokea elektroni, halafu ukurasa unaofuata vinasema florini ndiyo kioksidishaji kikali zaidi, yaani kinachonyang'anya vitu vingine elektroni kwa nguvu kuliko vyote. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tano wameuliza, nami sipendi kuwajibu kwa kukariri. Na superhalojeni zinaingia wapi hapo?
*Mwalimu wa kemia, Ujiji*

Mwalimu, kauli zote mbili ni kweli, kwa sababu zinapima vitu viwili tofauti. Atomi ya klorini ikipokea elektroni hutoa eV 3.61, florini hutoa 3.40, bromini 3.36, iodini 3.06. Namba hizo ni za atomi moja iliyo peke yake katika hali ya gesi. Chupani hakuna atomi pekee: kuna F2 na Cl2, na ayoni zikishapatikana huzungukwa na maji.

Wape wanafunzi hesabu hii kwa kilojuli kwa moli. Kuvunja nusu ya kifungo cha F2 kunagharimu 79, cha Cl2 kunagharimu 121. Kupokea elektroni kunarudisha 328 kwa florini na 349 kwa klorini. Ayoni ikiingia majini hurudisha takriban 506 kwa floridi na 364 kwa kloridi. Jumlisha: florini −755, klorini −592. Tofauti ni 163. Sasa chukua potensheli sanifu, yaani kipimo cha volti cha ukali wa kuoksidisha ndani ya maji: 2.87 na 1.36, tofauti yake 1.51 ikizidishwa kwa 96.485 ni 146. Si sawasawa, kwa kuwa tumeacha entropia na namba za maji hutofautiana kidogo kati ya vitabu, lakini mwelekeo uko wazi. Florini inashinda kwa kifungo dhaifu na ayoni ndogo, ingawa kwenye kupokea elektroni penyewe imeshindwa.

Superhalojeni zinavuka kikomo hicho cha 3.61. Gutsev na Boldyrev waliliweka wazo hili kwenye fomula mwaka 1981: MXₖ₊₁, ambapo M ni atomi ya katikati, k ni valensi yake (idadi ya vifungo inavyoweza kufunga) ya juu kabisa, na X ni halojeni. Kuna X moja zaidi ya uwezo wa M, na hiyo ya ziada ndiyo inayotafuta elektroni. Sodiamu ina valensi 1, kwa hiyo NaCl2. Boroni 3, kwa hiyo BF4. Fosforasi 5, kwa hiyo PF6. X si lazima iwe halojeni: NO3, ClO4 na MnO4 zimo kwenye ukoo huu.

Hapa kwetu chumvi ndiyo maisha. Mmeandika kuhusu NaCl2. Je, imo ndani ya chumvi yetu? Na kwa nini klorini mbili zishike elektroni kuliko klorini moja?
*Msomaji, Uvinza*

Haimo. Chumvi ya Uvinza ni NaCl, ambayo imekwishatulia. NaCl2 isiyo na chaji hutengenezwa kwa muda mfupi ndani ya vyombo vya ombwe, na inayopimwa hasa ni ayoni yake, NaCl2⁻. Mwaka 1999 kundi la Lai-Sheng Wang nchini Marekani, Boldyrev na Simons wakiwemo, liliipiga ayoni hiyo kwa leza na kupima elektroni zilizoruka: eV 5.86 zilihitajika kung'oa moja. Kwa LiCl2⁻ walipata 5.92.

Swali lako la pili lina jibu la kalamu na karatasi. Chukua ayoni hiyo kama Cl⁻, Na⁺, Cl⁻ kwenye mstari mmoja, umbali wa Na hadi kila Cl ukiwa karibu angstromu 2.5 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Kung'oa elektroni kwenye Cl⁻ iliyo peke yake ni 3.61. Lakini hii iko jirani na Na⁺, ambayo inaivuta elektroni kwa 14.4 ÷ 2.5 = 5.76 (14.4 ni mvuto, kwa eV, wa chaji mbili za kizio kimoja zikiwa umbali wa angstromu 1). Cl⁻ ya upande wa pili, umbali wa 5.0, inaisukuma kwa 2.88. Basi 3.61 + 5.76 − 2.88 = 6.49. Kipimo ni 5.86, tumezidisha kwa sababu chaji halisi si kamili na elektroni zilizobaki hujipanga upya. Ila siri yote imeonekana: elektroni ya ziada inakaa kwenye klorini za pembeni, wala haiigusi sodiamu, na chaji chanya ya katikati inaishikilia pale.

Nasoma kemia chuoni, niko nyumbani Mwanga kwa likizo. Nina kompyuta mpakato ya RAM GB 8 na prosesa ya kora nne. Naweza kukokotoa hiyo 5.86 mwenyewe? Umeme nao hukatika.
*Mwanafunzi, Mwanga, Kigoma Mjini*

Unaweza, na atomi tatu ni kazi ya dakika chache. Tumia programu ya kukokotoa molekuli iitwayo ORCA, ambayo ni bure kwa matumizi ya kitaaluma ukishajiandikisha, au Psi4 ambayo ni huria kabisa. Faili la kupakua ni kubwa, lisubirie bando la usiku. Gaussian inatajwa kwenye makala nyingi za fani hii lakini inalipiwa, usianze nayo. Mfano wetu ni wa ORCA.

Kwanza tafuta umbo tulivu la ayoni. Andika faili la maandishi matupu, ulipe jina kama `ayoni.inp`:

```
! B3LYP def2-TZVPD Opt Freq TightSCF
%maxcore 1200
%pal nprocs 4 end
* xyz -1 1
Na 0.0 0.0  0.0
Cl 0.0 0.0  2.5
Cl 0.0 0.0 -2.5
*
```

B3LYP ni njia ya kukadiria nishati, def2-TZVPD ni seti msingi, yaani fanksheni za kuchorea elektroni, Opt hutafuta umbo tulivu na Freq hukokotoa mitetemo. Namba −1 ni chaji na 1 ni multiplisiti, yaani idadi ya elektroni zisizo na mwenza ukijumlisha moja. Sodiamu ina elektroni 11 na klorini 17 kila moja, jumla 45. Ukiongeza moja ni 46, zote zimekaa jozijozi, kwa hiyo 1. Ile D mwishoni mwa def2-TZVPD ndiyo yenye uzito: inaongeza fanksheni pana kwa ajili ya elektroni inayokaa mbali na viini. Ukiiacha, nishati ya ayoni inapanda zaidi ya inavyopanda ile ya molekuli isiyo na chaji, na jibu lako linashuka bila wewe kuona kosa lolote kwenye kioo.

`%maxcore` ni megabaiti kwa kila kora, si kwa kompyuta nzima. Nne mara 1200 ni 4800, na zilizobaki ni za mfumo endeshi. Anayeandika 8000 hapo anakuta kompyuta imeganda.

Kazi ikimalizika, angalia masafa ya mitetemo: yote yawe chanya. Kisha kazi ya pili, kwenye faili lenye jina tofauti, mathalani `wima.inp`, bila neno Opt wala Freq:

```
! B3LYP def2-TZVPD TightSCF
%maxcore 1200
%pal nprocs 4 end
* xyzfile 0 2 ayoni.xyz
```

Hapa elektroni imeondolewa, umbo halijaguswa. Chaji 0, na kwa kuwa kuna elektroni moja isiyo na mwenza, multiplisiti ni 2. Kwenye matokeo ya kila kazi tafuta mstari wa FINAL SINGLE POINT ENERGY. Toa nishati ya ayoni kutoka kwenye nishati ya pili, zidisha kwa 27.2114 (ORCA hutoa nishati kwa hartree), umepata nishati wima kwa eV, yaani gharama ya kung'oa elektroni kabla umbo halijabadilika. Usikate desimali mapema: kosa la hartree 0.01 tu ni eV 0.27.

B3LYP ina tabia ya kushusha namba hizi kwa sehemu ya eV, kwa sababu inasambaza pengo lililoachwa na elektroni kuliko inavyostahili. Ukitaka kukaribia kipimo, rudia nishati zote mbili kwa njia ya wB97X-D3, kisha kwa CCSD(T), iliyo sahihi zaidi lakini nzito, kwenye umbo lilelile. Kwa atomi tatu hata CCSD(T) itapita kwenye mashine yako. Kwa atomi kumi itakushinda. Hapo kuna toleo lake jepesi, DLPNO-CCSD(T).

Mambo mawili ya kero. ORCA ikiendeshwa kwa kora nyingi lazima uiite kwa njia kamili ya folda yake, si kwa jina peke yake, na lazima OpenMPI, programu inayoziunganisha kora, iwepo (kwenye Windows ni MS-MPI). Na kwenye Ubuntu, ukiandika `orca` tu unaweza kuamsha programu nyingine kabisa, ile inayowasomea wasioona maandishi ya kioo, ianze kukuhutubia.

Umeme: umbo la hatua ya mwisho huwa limehifadhiwa kwenye faili la .xyz, na obiti (makazi ya elektroni yaliyokokotolewa) kwenye .gbw. Ukikatika, anza upya kwa umbo hilo, ongeza neno MORead na mstari wa `%moinp` unaotaja faili la .gbw la zamani. Libadilishe jina kwanza, maana kazi mpya yenye jina lilelile italifuta.

Nimekokotoa NaCl2 lakini napata namba chini ya 4 wakati maabara ilipata 5.86. Tena nikiruhusu molekuli isiyo na chaji itafute umbo lake, inabaki mstari mnyoofu na kunipa masafa hasi. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Kasulu*

Hujatuma faili, lakini dalili zinatosha. Namba ya chini ya 4 karibu hakika umeisoma kwenye nishati ya obiti ya juu kabisa iliyojaa na kuibadilisha alama. Wengi wamefundishwa kufanya hivyo. Kwa Hartree-Fock, njia ya zamani na rahisi zaidi ya kukokotoa, namba hiyo huzidi. Kwa B3LYP hupunguza sana, eV 2 hivi kwa ayoni kama hii. Kokotoa nishati mbili na uzitoe, kama tulivyomweleza mwenzako wa Mwanga. Kama unataka namba moja kwa moja kutoka kwenye obiti, iko njia ya OVGF kwenye Gaussian, ambayo hurekebisha kila obiti. Nguvu ya poli, namba inayoonyesha kama picha ya obiti moja inafaa, ikishuka chini ya 0.85 anza kuitilia shaka, ikishuka chini ya 0.80 iache. Ndani ya ORCA kuna IP-EOM-CCSD kwa kazi hiyohiyo.

Masafa hasi ni jambo zito zaidi, na hapo hujakosea sana, umeishia njiani. Ayoni ni mstari mnyoofu. Ikipoteza elektroni, klorini mbili ambazo zilikuwa zinasukumana hazina tena sababu ya kukaa mbalimbali. Zinakunjana upande mmoja wa sodiamu na kushikana zenyewe kwa zenyewe, ukapata kitu kinachofanana na Na⁺ iliyobeba Cl2⁻. Programu ikianzia kwenye mstari mnyoofu kamili haioni nguvu yoyote ya kuukunja, kwa sababu ya ulinganifu, inakaa pale juu ya kilima. Masafa hasi ndiyo taarifa kwamba uko kilimani. Anza na umbo lililokwisha kukunjwa:

```
* xyz 0 2
Na  0.0  0.0 0.0
Cl  1.35 0.0 2.2
Cl -1.35 0.0 2.2
*
```

Hapo klorini ziko umbali wa 2.7 kati yao. Acha isawazishe, kisha dai masafa chanya yote. Utaona nishati adiabatiki, yaani tofauti ya nishati kati ya maumbo mawili ambayo kila moja limetulia kivyake, ni ndogo kuliko nishati wima kwa kiasi cha kuonekana, si kwa desimali ya tatu.

Kagua na vitu viwili vingine. Thamani ya S², kipimo cha spini ambacho programu hukichapisha, kwa elektroni moja pweke ni 0.75, ukiona 0.80 na zaidi, mchanganyiko wa spini umeingia na nishati hiyo usiiamini. Halafu tazama msongamano wa spini, yaani mahali elektroni pweke ilipo, kwenye kazi ya wima: kila klorini ipate karibu 0.5. Moja ikipata 1 na nyingine 0, hesabu imeegemea upande mmoja, ugonjwa wa kawaida wa Hartree-Fock. Na kamwe usilinganishe ayoni ya seti msingi moja na molekuli ya seti msingi nyingine. Makosa hayo hayafutani.

Nimesoma kuwa kuna ayoni ya hidrojeni na florini tupu, H12F13⁻, yenye karibu eV 14. Je, hiyo si kioksidishaji kikali kuliko vyote duniani? Mbona haiuzwi?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Kibondo*

Namba ni ya kweli: Freza na Skurski wa Gdańsk, Poland, walikokotoa 13.87 mwaka 2010. Lakini ni nishati wima, na hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya makala tunazosoma. Nishati wima inasema ayoni *inakataa* kupoteza elektroni kwa kiasi gani ikiwa umbo halina muda wa kubadilika. Kioksidishaji ni habari ya upande wa pili: kitu kisicho na chaji *kinachopokea*. H12F13⁻ ni floridi iliyozungukwa na molekuli 12 za HF (floridi ya hidrojeni). Iondolee elektroni, na HF zote zinakosa cha kushikilia. Unabaki na HF kumi na mbili na atomi ya florini. Hakuna molekuli ya H12F13 inayokusubiri popote.

Mfano unaoweza kuuthibitisha mwenyewe ni BF4. BF3 ikipokea ayoni ya floridi hutoa takriban kilojuli 348 kwa moli, yaani eV 3.6. Basi kuipeleka BF4⁻ hadi kuwa BF3, atomi ya F na elektroni huru kunagharimu 3.6 + 3.40 = 7.0. Hiyo ndiyo fedha halisi mkononi ukitumia BF3 na atomi ya florini kama kioksidishaji, hata kama nishati wima ya BF4⁻ iko juu zaidi. Kwa njia hiyohiyo PF5 (kilojuli 397) inakupa takriban 7.5, AsF5 (443) takriban 8.0, SbF5 (503) takriban 8.6. Mpangilio huo unakwenda sambamba na ukali wa asidi hizo za Lewis (vipokezi vya jozi ya elektroni), wala haukuhitaji kompyuta.

Kwa hiyo ukikutana na makala inayosema X "inaweza kuoksidisha" Y kwa kutumia nishati wima peke yake, uliza umbo la molekuli isiyo na chaji liko wapi. Kama halikuonyeshwa, dai bado halijakamilika.

Nishati ya kung'oa elektroni kwenye zenoni ni 12.13. PtF6 (heksafloridi ya platinamu) inapokea na kutoa takriban 7 tu. Bartlett aliwezaje kuviunganisha?
*Mwanafunzi mwingine wa Kidato cha Sita, Kigoma Mjini*

Upungufu ni eV 5.1, na unalipwa na kuvutana kwa ayoni. Neil Bartlett, akiwa Vancouver mwaka 1962, aliona kwanza kwamba PtF6 imeng'oa elektroni kwenye oksijeni na kutoa chumvi ya O2⁺ na PtF6⁻. Oksijeni inahitaji 12.07. Akatambua kuwa zenoni iko karibu mno na hapo, akachanganya, mvuke mwekundu ukatoweka na mango ya rangi ya machungwa-njano ikatokea. Baadaye ilijulikana kuwa zao lile si XePtF6 safi bali mchanganyiko wenye XeF⁺, lakini mlango wa kemia ya gesi adimu ulikwishafunguka.

Kwa jozi moja ya ayoni katika gesi, masharti ni: nishati ya kung'oa − nishati ya kupokea − 14.4 ÷ R iwe chini ya sifuri, R ikiwa umbali kati ya ayoni hizo. Ukiweka R = 4 angstromu unapata 3.6 tu, haitoshi. Fuwele inalipa zaidi kwa sababu kila ayoni ina majirani wengi. Tumia fomula ya Kapustinskii, inayokadiria nishati ya fuwele kwa kilojuli kwa moli: 1202.5 × 2 ÷ r × (1 − 0.345 ÷ r). Tukichukua r, umbali kati ya ayoni jirani, ni angstromu 4.5, jibu ni kilojuli 493, yaani eV 5.1. Ukingoni kabisa. Kriptoni inahitaji 14.00, upungufu ni 7, na fuwele hiyo haiwezi kuulipa.

Masharti hayohayo yatumie kuchuja molekuli kabla ya kuwasha kompyuta. Chukua BF3 na F zenye 7.0, R = 3 angstromu, mvuto 4.8: amonia (10.07) inapita kwa urahisi, maji (12.62) yanabaki na upungufu wa 0.8. Kisha kuwa mwangalifu na maji. Ukikokotoa jozi hiyo mara nyingi utaona atomi ya hidrojeni imehama na kutengeneza HF, kwa sababu kifungo cha H na F ni eV 5.9 wakati kile cha O na H kwenye maji ni 5.2 hivi. Programu haijaharibika, mmenyuko rahisi zaidi umeshinda uhamisho wa elektroni. Kujua kama elektroni imehama kweli, soma chaji za Hirshfeld (njia moja ya kugawa chaji kwa kila atomi) na msongamano wa spini kwenye kila kipande. Chaji za njia nyingine, ya Mulliken, ukiwa na fanksheni pana ni takataka.

PtF6 yenyewe usianze nayo: platinamu inataka athari za uhusianifu, yaani za elektroni zinazokwenda kwa kasi kubwa mno, na hali za spini zake zinasumbua hata wazoefu. Na kwa wanaouliza kama inaweza kutengenezwa shuleni, hapana. Inahitaji gesi ya florini, na ikikutana na unyevu inatoa HF.

Nauza pamanganeti ya potasiamu. Kama MnO4 ni superhalojeni, nimekaa na superhalojeni dukani?
*Mwenye duka la dawa, Gungu*

Una ayoni yake, ambayo elektroni imekwishaipata. MnO4 isiyo na chaji ndiyo superhalojeni (ilipimwa 4.80), na hiyo haikai chupani. Pamanganeti inaoksidisha kwa njia nyingine: manganizi inashuka kutoka hali ya +7 hadi +2 kwenye asidi, kwa volti 1.51, ikitumia elektroni tano na ayoni nane za hidrojeni. Kwenye maji ya kawaida inaishia MnO2, ile rangi ya kahawia inayobaki kwenye ndoo. Hali ni hiyohiyo kwa nitreti za mbolea: NO3 ni 3.94 lakini kilichomo gunia ni NO3⁻. La dukani kwako ni kuiweka mbali na gliserini, maana zikikutana zinaweza kuwaka zenyewe, mbali na sukari, na mbali na asidi ya hidrokloriki, maana inatoa gesi ya klorini.

Natengeneza simu, na wavuvi wa dagaa huniletea betri za taa zao za LED. Nimesikia ndani ya betri za lithiamu mna superhalojeni. Zina hatari gani?
*Fundi, Kibirizi*

Kimiminika cha betri nyingi za lithiamu ni chumvi ya LiPF6, karibu moli 1 kwa lita, ndani ya kaboneti za kikaboni. PF6⁻ ni ayoni ya superhalojeni. Imechaguliwa kwa kuwa inashika elektroni yake, hivyo haioksidishwi kwenye upande chanya hata betri ikifika volti 4.2. Mwaka 2014 Giri, Behera na Jena walikokotoa ayoni za aina hii zisizo na halojeni kama mbadala. Namba kubwa ya kushika elektroni lakini ni mchujo wa kwanza tu. Kinachooksidishwa mapema mara nyingi ni kiyeyushi, na LiPF6 inaharibiwa na joto na maji:

LiPF6 + H2O → LiF + POF3 + 2HF

Kwa kazi zako za ziwani, maji ndiyo adui. Betri iliyozama au kuloa ndani usiichaji "kuijaribu". Iliyovimba usiitoboe kutoa hewa. Itoe kwenye kifaa bila kuikunja, iweke nje ya banda juu ya mchanga mkavu, mbali na jua. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, toka kwanza, hewa iingie. Kimiminika kikigusa ngozi, osha kwa maji mengi mara moja, kisha nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba kinaweza kuwa na HF, ili waangalie kama unahitaji jeli ya kalsiamu glukoneti. Maumivu ya HF yanaweza kuchelewa saa kadhaa, kwa hiyo usisubiri yaanze.